Cherehani mpya, wiki tatu, na neno nililoambiwa dukani

Kwa zaidi ya miaka kumi nimeshonea Singer nyeusi ya kukanyaga niliyoachiwa na shangazi yangu, na kila aliyeniuliza kama anunue cherehani mpya au iliyotumika nilimjibu bila kusita kwamba anunue mpya, kwa sababu ya mkononi huja na maradhi ya mwenyewe. Jibu hilo sina tena.

Mwaka jana, shule zikikaribia kufunguliwa, nilipata oda kubwa ya sare nikahitaji cherehani ya pili. Fundi wa mtaa wetu alikuwa anauza yake kwa karibu nusu ya bei ya mpya, nami nikaikataa, nikaenda Kariakoo kununua mpya yenye garantii ya mwaka mmoja. Wiki ya tatu, nikiunga kaptula ya kaki pale vitambaa vinne vinapokutana, ilianza kuruka mishono, kisha uzi wa chini ukajikusanya ukawa fundo. Nilibadilisha sindano kutoka namba 16 hadi 18, nikatunga uzi upya, nikasafisha meno yanayosukuma kitambaa na kutia mafuta, lakini haikusaidia kitu.

Nilikifunga kichwa chake kwenye khanga, nikakipakata ndani ya daladala hadi dukani. Yule kijana hakukigusa. Alisema, mbele ya wateja wengine, “Mama, cherehani haina tatizo, tatizo ni mshonaji,” akaongeza kwamba garantii haihusu matumizi mabaya. Nilikuwa nimevaa gauni nililolishona mwenyewe, kola na mikono yote, na hakuwa ameniomba hata nishone mstari mmoja ili aone. Sijawahi kudharauliwa hivyo katika kazi yangu, na ninapoandika haya bado mkono unanitetemeka.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa kutengeneza cherehani. Alitoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kasha lake, akachomoa ile ndoano inayouzunguka uzi wa chini, akakishika kidole changu na kupitisha ukucha wangu kwenye ncha yake. “Umesikia, binti yangu?” Nilisikia mkwaruzo mdogo kama wa chembe ya mchanga. Ncha haikusafishwa vizuri kiwandani, na uzi ulikuwa unanasa hapo. Aliisugua kwa msasa laini kwa muda usiozidi robo saa, na kaki ya vitambaa vinne ikapita.

Kwa hiyo nunua iliyotumika. Iliyotumika utaijaribu kabla ya kutoa fedha, wakati mpya hufungwa kwenye boksi ukaambiwa uamini karatasi. Nenda na nyuzi za rangi mbili, moja juu na moja chini, ushone kaki iliyokunjwa mara mbili, na rangi ya chini isionekane juu. Zungusha gurudumu kwa mkono ukisikiliza kama kuna mahali linakuwa zito, kisha utikise chuma kinachobeba sindano, kwa maana kikicheza kimelika. Ikiwa ni Singer ya zamani, tafuta namba iliyopigwa kwenye chuma chenyewe. Nyingi zilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980, na bado zinashona.

Hata hivyo lazima niseme kweli. Ile ya jirani niliyoikataa aliinunua mwenzangu, na meno yake yamelika kiasi kwamba hariri inateleza tu. Yangu mpya, tangu isuguliwe, haijaruka mshono hata mmoja, na kwa tetroni naipenda kuliko Singer ya shangazi. Ningeambiwa nichague tena leo, pengine ningenunua mpya ileile, ila kwa muuzaji anayekubali kuifungua na kuishonea mbele yangu.

Risiti na garantii bado ninavyo. Kijana yule hajaniomba radhi, na duka lile sitakanyaga tena.