Fundi wa fremu wa Keko aliyenirudisha nyumbani na kisutu changu

Chini ya kitanda changu, Tabata, ilikaa tranka niliyotoka nayo shule ya bweni, na ndani ya tranka hiyo zilikaa harusi nne. Tulikuwa wasichana watano chumba kimoja, kidato cha tano mpaka cha sita. Wenzangu wanne wameshaolewa, kila mmoja kwa mila za kwao: mmoja Unguja, mmoja Moshi, mmoja Bukoba na mmoja hapahapa Dar. Zote nilikuwepo tangu vikao vya mwanzo, mbili nikiwa msimamizi wa bibi harusi, na kila moja niliondoka na kitu mkononi. Masika ya mwaka jana nilifungua tranka kutafuta cheti, nikakuta kutu ya bati imechora mstari wa kahawia kwenye pindo la kanga. Siku hiyo niliamua vitu hivi vitoke, vikae ukutani niwe naviona nikinywa chai.

Nilipotafuta fundi wa kuweka kitambaa kwenye fremu sikupata wa kunielekeza. Fremu ya picha ya mahafali kila mtaa ipo. Kanga, jani, mbegu za kahawa, hapo watu wanakutazama tu. Kwa hiyo naeleza yote niliyoyaona kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo Keko, kwenye mafundi wa samani, na mabaya yake pia nitayasema.

Niseme kwanza kwa nini nilichelewa hivyo. Miaka mitatu iliyopita, kwenye harusi ya Unguja, somo wa bibi harusi alitufunga vikuba sisi rafiki zake: asumini, mrihani na petali za waridi, vimefungwa kwa uzi, unavibandika kifuani na chumba kizima kinanukia. Changu nilikikausha siku tatu kwenye sahani, nikakipeleka kwa fundi mmoja, simtaji. Akakigandisha kwenye kadibodi kwa supagluu, akafunika kioo, akaziba nyuma pande zote. Wiki haijaisha kioo kikapata utando mweupe kwa ndani. Nilikuja kujua baadaye kwamba gundi ile hutoa mvuke inapokauka, na mvuke ukifungiwa unakaa kwenye kioo. Mwezi haujaisha mrihani ukaota ukungu, maana majani yalikuwa bado na unyevu na hapakuwa na pa kupumulia. Nikavunja kioo nikitoe. Kikabaki unga kwenye kiganja. Baada ya hapo sikuthubutu kugusa kitu kingine, vikarudi kwenye tranka.

Keko nilielekezwa na jirani aliyekwenda kununua kitanda. Karakana haina bango. Uliza mafundi wa vitanda, "Yule mzee anayefremu kanga," watakupeleka.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Kitanda au kabati?"

Nikafungua mfuko. Alipoona kitambaa aliweka msasa chini, akaenda kunawa mikono kwenye ndoo, akafuta, ndipo akagusa. Nilimwamini kuanzia hapo. Swali lake la kwanza halikuwa la bei wala la rangi ya mbao. Aliuliza, "Ukishakiweka, utataka kukitoa tena siku moja, au kikiingia kimeingia?" Mimi sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. Yeye ndilo alilolijengea kazi yote.

Tulianza na kisutu. Kwa asiyekijua, ni ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya bibi harusi, visiwani na mwambao. Doti ni vipande viwili. Rafiki yangu alibaki na kimoja, kingine akanipa alfajiri ile anahamia kwa mumewe, kikiwa bado kina moshi wa udi. Nilitaka kikae kizima, wazi, chini ya kioo. Fundi akachukua penseli akaandika kwenye ubao wa mninga uliokuwa mbele yake. Kanga ina kama mita 1.5 kwa mita 1.1. Kioo cha milimita 3 kina kilo 7.5 kwa kila mita ya mraba. Ukizidisha unapata zaidi ya kilo 12 za kioo peke yake, mbao hujaweka. "Ukuta wa nyumba ya kupanga, mwanangu, na wewe kochi lako liko chini yake?" Kochi langu lilikuwa hapo hasa.

Akashauri kisutu kivutwe kwenye fremu ya mbao bila kioo, kama wachoraji wanavyovuta kitambaa chao. Kwanza marikani nyeupe inavutwa na kupigiliwa pini nyuma, halafu kisutu kinalazwa juu yake na kushikwa kwa uzi wa pamba. Bandi tu, mishono mirefu ya mkono kwenye pindo, unayoweza kuikata kwa mkasi mdogo. Gundi hata tone. Mshonaji ni mke wake, anashonea palepale nyuma ya karakana, na mishono yake lazima uinamie karibu kabisa ndipo uione.

Ila hakukipokea siku ile. Alinirudisha nacho nyumbani nikakifue. Jasho na mafuta ya mwili, alisema, ndivyo vinavyoita wadudu, na kanga ambayo haijafuliwa vizuri ina wanga wa kiwandani ambao mende wanaupenda. Maji baridi, peke yake, ikauke kivulini, isipigwe wanga wala kunyunyiziwa manukato. Nilikaa nacho siku mbili kabla ya kukifua. Ule udi ulikuwa umebaki kidogo sana, kwenye kona moja tu, na nilijua maji yakipita umekwisha. Nikainusa ile kona kwa mara ya mwisho, nikakilowesha. Alikuwa na haki, maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai.

Jani la isale lilinipa wasiwasi zaidi, kwa sababu ya kile kikuba. Wachaga wanalijua isale kuliko ninavyoweza kulieleza: ni la amani, la kuombea msamaha, na jani lake likiletwa na mtu mzima, aliyekasirika hupaswa kusikiliza. Siku mbili kabla ya harusi ya Moshi mjomba wa bibi harusi alisusa, kwamba hakushirikishwa kwenye mahari. Shangazi mmoja akakata isale kwenye uzio, akaenda kwake jioni. Asubuhi ya harusi mjomba alikuwa wa kwanza kufika, na alikaa meza ya mbele ndafu ilipoletwa. Mimi nilichuma jani kwenye mche uleule, nikalibana kati ya magazeti ndani ya kitabu kinene kwa miezi. Fundi alilipinda kidogo kusikiliza kama linalia. Likavunjika ncha, akasema limekauka, linafaa. Ncha ile aliihifadhi kwenye karatasi akanirudishia.

Alilitengenezea kisanduku chenye kina cha sentimita 4, kioo mbele, jani limeshikwa kwa uzi mara mbili kwenye kitambaa. Ndani, kwenye kingo, ameweka vijiti ili kioo kisiguse kitu chochote, maana unyevu ukiganda kwenye kioo ndio unaopeleka ukungu kwenye kilichokigusa. Kona ya chini, nyuma ya kijiti, kuna kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kinachokuja kwenye maboksi ya viatu. Usitupe vifuko hivyo, peleka navyo, yeye anavikusanya.

Kahawa za Bukoba zilipata kisanduku kama hicho. Wahaya huzitafuna, wanaziita akamwani. Zimechemshwa na viungo, zikakaushwa, na mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Zangu zilikuwa zimefungwa kwenye kipande cha kigomba kikavu, kama alivyonikabidhi mama wa bibi harusi, na sikutaka zifunguliwe. Hapa fundi alisema wazi kwamba mbegu zina mashaka, zinaweza kuwa na mayai ya wadudu ndani. Tukakubaliana nizitie kwenye friza siku 7 zikiwa zimefungwa kwenye mfuko usioingiza hewa, kisha nizitoe na kuziacha mfuko haujafunguliwa mpaka ubaridi uishe, zisilowe. Mpaka leo hakuna unga wa mdudu chini ya kisanduku, na naangalia kila Jumamosi.

Ya nne ndiyo iliyonisumbua moyo. Kanga ya sare ya harusi ya Dar, ile yenye mstari wa kutu, na kadi tatu: ya mchango, ya sendofu na ya harusi yenyewe, hii imeandikwa "Double", ya watu wawili, kwa wino wa dhahabu. (Siku hizi kadi inakuja kwenye simu na mlangoni wanasoma msimbo tu. Watakaoolewa sasa sijui watatuachia nini cha kushika.) Jina la kanga ni "Wawili wakipendana adui hana nafasi". Ndoa ile haikudumu. Nilimpigia simu rafiki yangu kabla ya kuilipia, nikamwambia kama hataki ionekane ukutani kwangu nitairudisha kwenye tranka na sitamuuliza sababu. Akanyamaza kidogo. "Iweke," akasema. "Mama alicheza siku ile. Hakucheza tena." Mama yake tulimzika mwaka uliofuata. Nikamuuliza kama jina lisomeke. Akasema lisomeke, ndivyo ilivyoandikwa.

Kwa hiyo imekunjwa: linaonekana jina, kipande cha mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga, na pindo moja. Mkunjo ni mkubwa na una mrija wa kitambaa laini ndani yake, kwa sababu kanga ikikunjwa kwa kubanwa kwa miaka hukatika pale palipokunjwa. Mstari wa kutu fundi aliniuliza aufiche au aache. Nimeacha. Kadi zimekaa chini, zimeshikwa kwenye pembe kwa vipembe vya karatasi, zinatoka bila kuchanika.

Sasa malalamiko. Aliahidi wiki moja, nilichukua kazi baada ya wiki tatu na siku mbili. Simu hapokei akiwa na randa, na randa anakuwa nayo kutwa. Nilikwenda mara mbili nikakuta hazijaguswa, nauli imekwenda. Risiti hana, aliandika kwenye kipande cha karatasi na kusaini. Fremu moja ilikuja na vumbi la mbao ndani ya kioo, ikabidi aifungue mbele yangu na kuifuta upya. Na kioo chake ni cha kawaida, hakizuii jua kufifisha rangi, kwa hiyo usimsikilize atakaposema utundike popote. Mimi nimechagua ukuta ambao jua la jioni haliufikii.

Bei: kisutu sh 60,000, kanga ya sare sh 55,000, visanduku viwili sh 35,000 kila kimoja. Jumla sh 185,000, nikatanguliza sh 90,000. Hakupunguza hata mia na sikumlazimisha. Mbao ni mninga uliobaki kwenye vitanda, umepigwa msasa na vanishi nyembamba, na pembe hazijaachana mpaka leo. Kwa mshahara wangu ni fedha nyingi. Nililipa kwa awamu mbili, na kama ingebidi tena ningelipa.

Kitu kimoja zaidi, kidogo lakini kimenisaidia sana. Nyuma ya kila fremu, pembe za chini, amegongelea vipande vya kandambili kuukuu. Fremu inakaa mbali na ukuta kwa kama sentimita moja, hewa inapita. Masika ya mwaka huu ukuta wangu ulitoa jasho kama kawaida na rangi ikabanduka karibu na dirisha. Nyuma ya fremu zote nne palikuwa pakavu. Mgongo wa zile zenye kioo umefungwa kwa skrubu, nimezifungua mwenyewe baada ya mvua kukagua, dakika chache kila moja.

Mwenye nyumba hakutaka kuta zitobolewe. Tulielewana matundu manne, nami nitayaziba nikihama. Zungumza na wako mapema, fremu ya kisutu haining'inii kwenye ndoano ya kubandika.

Mwezi uliopita rafiki yangu wa Unguja alijifungua mtoto wa kike. Akanipigia, sauti bado ya mzazi, akauliza kama kile kipande cha pili cha doti bado kiko salama, maana anataka mtoto atolewe nje siku ya arobaini akiwa ndani ya vyote viwili. Nikapanda kwenye kochi nikashusha fremu, nikakata bandi moja moja kwa mkasi wa kucha. Kilitoka kizima, hakina tundu wala doa la gundi. Nimekikunja, nikakipeleka bandarini kwa boti ya asubuhi na mtu anayekwenda.

Fremu nimeirudisha ukutani na marikani yake nyeupe. Mke wa fundi ameshaniambia nikikipata tena nimpelekee, atakirudishia mishono palepale.