SGR Dar mpaka Dodoma: nimepanda na mama, hii ndo tathmini yangu
Jamani nimepanda treni ya umeme ya SGR, ile reli ya kisasa, na mama yangu kwenda Dodoma, mama ana miguu mibovu, basi ya masaa nane tisa ilikuwa inammaliza kabisa, safari hii tumefika ndani ya masaa manne hivi na kashuka anatembea mwenyewe, nilifurahi mpaka machozi.

Nauli daraja la kawaida 31,000, Moro 13,000. Hapa niwape LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, haki yao maana watu wengi hatujui kazi yao, nauli ya treni haipangwi na TRC (Shirika la Reli) peke yake, mwenye treni anapeleka maombi, wananchi na wadau wanaitwa watoe maoni, halafu mdhibiti ndo anatoa bei. Ukipiga hesabu ni kama shilingi 70 kwa kilomita, kwa treni ya kwenda 160 kwa saa mi naona ni bei ya haki kabisa. Viti viko sawa, choo kisafi.

Kilichoniuma ni kutoka stesheni kwenda mjini. Boda kaniona na mama na mizigo katupiga bei ya ajabu, nikalipa tu. Reli imejengwa kwa matrilioni alafu abiria akishuka anaachwa ajitegemee? Naomba ruti za daladala zipangwe kufuata ratiba ya treni, hata ile ya usiku.

Nyota nne kati ya tano. Mama anauliza tunarudi lini.