Plagini za GCC: uzoefu wangu baada ya miezi mitano

Aliyenisukuma kwenye plagini, vipande vya kuiongezea GCC kazi mpya, ni mama mmoja mwenye duka la jumla pale Kamalondo, Lubumbashi, na yeye hajui hata kama kuna kitu kinaitwa kompaila, yaani programu kama GCC inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Aliniwekea mezani karatasi ya mauzo iliyotoka kwenye programu niliyomwandikia: jumla 33,554,448. Bei zake zote zinaishia 50 au 00. "Mutoto yangu, hizi faranga makumi ine na munane, nani alinilipa?"

Kosa lilikuwa langu. Jumla niliiweka kwenye float, aina ya namba zenye desimali, ambayo ina biti 24 tu za tarakimu. Ukishapita 33,554,432 inahesabu kwa kuruka nne nne, kwa hiyo 33,554,450 haina pa kukaa. Anayehesabu dola anaweza kuishi miaka bila kuliona hilo. Sisi wa faranga tunalifikia kabla ya saa sita mchana.

Nilibadilisha kila kitu kuwa int64_t, namba nzima ya biti 64, nikawaagiza vijana wawili ninaofanya nao kazi wasirudie. Wiki mbili baadaye float ikarudi. Ndipo nikaamua kompaila yenyewe ikatae.

Amri ya gcc ni kama kapita wa kiwanja: hashiki sepetu, anawatuma wengine. Andika gcc -### mbele ya faili lako uone anavyowaita cc1 (anayetafsiri msimbo wa C), kisha as (anayeufanya lugha ya mashine), kisha collect2 (anayeunganisha vipande). Plagini inapakiwa ndani ya cc1 kwa -fplugin, na imekuwepo tangu toleo la 4.5 la mwaka 2010. Yangu ina mistari kama sitini. Inasubiri tukio la PLUGIN_FINISH_DECL, yaani kompaila inapomaliza kusoma tangazo la kigeu, inatazama aina yake, na jina likianza na bei_ au pesa_ huku aina ikiwa REAL_TYPE (namba ya desimali), inasimamisha kazi na kuandika: "Pesa haikai ndani ya float", pamoja na namba ya mstari. Kuona kompaila ikigomba kwa Kiswahili, nakiri nilicheka peke yangu.

Mwanzo ulinitesa. Usipotangaza plugin_is_GPL_compatible, yaani kwamba leseni yake inapatana na GPL, GCC inaikataa plagini palepale. Halafu maelezo ya ndani yameandikwa kwa mtu anayejua tayari. Nilijifunza zaidi kwa kusoma faili za vichwa (.h) kuliko mwongozo. Mara ya kwanza nilikagua VAR_DECL (vigeu vya kawaida) tu, na sehemu za struct (vigeu vilivyofungwa pamoja), ambazo ni FIELD_DECL, zikapita zikinitazama.

Kinachokera kweli ni matoleo. Nilipohama Debian 12 kwenda 13, GCC ikatoka 12 kwenda 14, na plagini ikagoma kupakiwa. Ni haki yake, maana inategemea muundo wa ndani wa kompaila ileile iliyojengewa. Ilibidi nishushe gcc-14-plugin-dev kwa megabaiti za simu, usiku, umeme umekatika na betri ya laputopu iko kwenye asilimia thelathini. Kuijenga upya kulichukua sekunde chache. Kungoja mtandao ndiko kulikokula usiku.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni faili la specs, lenye maagizo ambayo gcc inayafuata inapowaita wengine. Badala ya kugusa Makefile (faili la maagizo ya kujenga programu) ya kila mteja, niliandika mstari wa *cc1: na chini yake alama ya kujumlisha, nafasi, kisha -fplugin na njia kamili ya faili. Ukiita gcc na -specs, kapita anaipachika mwenyewe kila anapomtuma cc1. Kama una mradi mmoja tu, usijisumbue na specs.

Ningeipa nne kwa tano. Ile moja niliikata juzi: kijana mmoja aliita kigeu chake jml, cha float, na plagini ikanyamaza kimya, kwa sababu nimeifundisha majina mawili tu. Sasa naipima isiangalie jina kabisa, bali ikatae kila float isiyo na ruhusa.