Bikoni ya setilaiti: nilianguka karibu na kilele, imenitoa, ila nina lawama moja kubwa

Naona watu wengi wanaulizia hivi vibikoni vya uokoaji, kama kweli vinafanya kazi au ni pambo la begi tu. Sasa yangu imetumika kweli kweli, sio majaribio, so naandika. Ni ile ya kawaida kabisa, inaenea kiganjani, haina skrini, haitumi meseji, hulipii kitu kila mwezi, kazi yake ni moja tu: ukiibonyeza inaziambia setilaiti kwamba kuna mtu yuko hatarini na yuko hapa. Kampuni siitaji maana lawama yangu ni ya aina nzima sio ya mtengenezaji mmoja.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa wawili, kilele tumeshafika, tunashuka, na wapanda milima wanajua kushuka ndo kubaya zaidi, miguu imechoka na akili imeshatangulia nyumbani. Jiwe nililokanyaga likachomoka na mimi nikaenda nalo. Nimeburuzwa na kokoto mpaka nikanasa kwenye sehemu nyembamba ya mwamba iliyojitokeza, mguu wa kulia umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Begi limeendelea na safari korongoni. Mwenzangu yuko juu namsikia anaita ila kunifikia bila kamba hawezi, simu nayo netiwaki hakuna hata kidogo.

Bikoni ilikuwa mfuko wa kifuani wenye zipu. Ingekuwa kwenye begi hii stori ingekuwa nyingine, kwa hiyo ukinunua, ikae mwilini mwako, basi.

Kuwasha ni rahisi, hapo naipa maksi zote: unavunja sili, unakunjua antena mpaka isimame, unabonyeza kitufe na kukishikilia kidogo, taa inaanza kumweka. Nimefanya kwa mkono mmoja, glavu nimevaa, na natetemeka. Kazi ilikuwa anga. Hii kitu inataka kuona mbingu na pale nusu ya mbingu imezibwa na mwamba, ikabidi nijivute kuelekea ukingoni kadiri nilivyothubutu, alafu niishike antena ikiwa wima na nisiifunike na kiganja sehemu ya GPS.

Kwa wanaopenda kujua inavyofanya kazi: inatuma kwa masafa ya 406 MHz, mlio mfupi wa kama nusu sekunde kila baada ya sekunde 50 hivi, unapokelewa na setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ule ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, watu wa kwanza waliokolewa nao mwaka 1982. Ndani ya mlio kuna namba ya kifaa chako na mahali ulipo. Pia inatoa mawimbi mengine dhaifu ya 121.5 MHz, hayo ni ya waokoaji kuyafuata wakishakaribia. Betri inatakiwa idumu masaa 24 au zaidi, na kwenye baridi yangu haikuyumba.

Sasa lawama. Umeshabonyeza, taa inamweka, inamaanisha nini? Inamaanisha inatuma. Kama kuna aliyesikia hujui! Na msidhani ni suala la kujisikia vizuri tu, pale kuna maamuzi ya kufanya: nikae hapahapa au nijikokote kabla giza halijaingia? Mwenzangu ashuke kutafuta msaada au abaki ananiongelesha nisilale? Tumebishana kwa kupigiana kelele juu na chini, yeye anataka kwenda, mimi sitaki, na ukweli hakuna kati yetu aliyekuwa na taarifa yoyote ya kuamulia. Kumbe zipo bikoni zenye jibu la kurudi, kupitia setilaiti za Galileo za Ulaya, huduma imeanza 2020, taa ya pili inawaka kukuambia mlio wako umepokelewa. Haimaanishi helikopta imeshapaa, ila unajua umesikika, na unatulia mahali ulipo. Mimi ningeongeza hela kwa hiyo taa bila kufikiri mara mbili.

Upande wa pili kumbe kazi ilikuwa inaenda. Wakati nasajili bikoni niliandika namba ya dada yangu, na njia tutakayopita nilimwachia, basi kituo cha kuratibu uokoaji kikampigia yeye: yuko peke yake? ana ugonjwa wowote? amevaa koti rangi gani? Akajibu yote. Bikoni ambayo haijasajiliwa nayo inatuma, ila wanaoipokea hawana wa kumpigia, yaani kusajili ni nusu ya kifaa chenyewe.

Helikopta ilipotokea nikainua mikono yote miwili kama herufi Y, maana yake ndio nahitaji msaada (mmoja juu mmoja chini ni hapana, usichanganye jamani). Lile blanketi la dharura linalong'aa nikalisokomeza ndani ya koti maana upepo wa mapanga ukilinyanyua linaweza kwenda kunasa juu huko. Mwokoaji akashushwa kwa waya, mimi nishanyoosha mkono niudake, akanipigia kelele niache mpaka uguse mwamba kwanza kwa sababu unabeba umeme tuli. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

Kuhusu vile vifaa vya meseji za setilaiti, faida yake unaongea na mtu, unamwambia nimevunjika mguu na anakujibu, ila vinataka malipo ya kifurushi, na kifurushi kikiisha una kipande cha plastiki. Kama unapanda mara kwa mara chukua hivyo. Kama ni mara mojamoja, bikoni, ila yenye jibu la kurudi.

Nyota 4. Yangu saa hizi iko kwa fundi wa kampuni, ikishawashwa kweli lazima ibadilishwe betri na sili ndo iaminike tena. Ikirudi naiuza, na atakayeichukua tutabadilisha usajili siku hiyohiyo, la sivyo akianguka yeye atapigiwa simu dada yangu.