Uzoefu wangu wa kukaa Chole, kijiji cha wavuvi kisiwani Mafia

Kwa msafiri anayetafuta kijiji cha wavuvi kinachoishi kwa kazi yake yenyewe, Chole, kisiwa kidogo kilichomo katika ghuba ya kusini-mashariki mwa Mafia, ndicho ninachokipendekeza kuliko vijiji vyote vya pwani yetu nilivyowahi kufika. Nakipendekeza kwa sharti moja, nalo ndilo lililonifanya niandike: mgeni akubali kupangiwa siku yake na maji. Kujaa na kupwa, bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana) na maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo), ndivyo vinavyoamua saa ya kuvuka, saa ya kula na saa ya kuwakuta watu wakiwa na nafasi ya kuzungumza. Anayekuja kwa saa mbili za mchana huona magofu na popo, akapiga picha, akaondoka bila kukutana na kijiji.

Ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hutua Kilindoni, makao makuu ya wilaya, baada ya takriban nusu saa, lakini nauli yake ni nzito kwa wengi wetu. Mimi nilipita Nyamisati: basi kutoka Mbagala kwa barabara ya Kilwa, kukata kushoto Bungu, hadi bandarini penye mikoko ya delta ya Rufiji, kisha chombo cha kuvuka hadi Kilindoni. Ni safari ya saa kadhaa, na katika miezi ya kusi, yaani upepo wa kusini, bahari huchafuka, kwa hiyo mwenye kuugua bahari ajiandae. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni barabara ya lami ya takriban kilomita 15, na bajaji na bodaboda zipo.

Kabla ya Utende kuna lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambapo mgeni hulipa kiingilio. Raia hulipa kiasi kidogo kuliko wageni wa nje, basi chukua kitambulisho, na stakabadhi uitunze. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1995 ikiwa ya kwanza ya bahari nchini, ina kilomita za mraba 822, na jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba vijiji vya wavuvi vimo ndani yake. Watu wa Chole wanavua katika maji ambayo sehemu zake nyingine zimefungwa kabisa, nyingine zinaruhusu zana fulani tu, na mabomu na juya, yaani wavu wa kukokota, vimepigwa marufuku. Nilipolielewa hilo, nililipa kiingilio kwa moyo mwepesi, na nilianza pia kuona kwamba mzigo wa kuitunza bahari hii wanaubeba wao kwanza.

Kutoka Utende hadi Chole ni mwendo mfupi wa mashua. Maji yakiwa yamepwa, chombo hakisogei karibu na ufuo, nawe utashuka na kutembea katika matope na nyasi za bahari huku mzigo uko kichwani. Vaa viatu vya mpira vya kufunga, kwa sababu chini kuna vitu vyenye miiba, na usibebe sanduku la magurudumu.

Kilichonipa thamani kubwa kuliko vyote ni asubuhi niliyotoka na kina mama kwenda mwambani kutafuta pweza. Ilikuwa bamvua, na katika pwani yetu siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi, yaani mwanga ukiwa mwingi na kila kitu kinaonekana. Mwenyeji wangu, kijana wa hapo hapo, alikuwa ameniombea ruhusa jana yake, na nadhani bila ombi hilo nisingepokelewa vile. Nilimwamkia bibi aliyekuwa akiwaongoza wenzake, akaniitikia, "Marahaba mwanangu, fuata nyayo zangu, usipite kando." Maneno hayo yalikuwa amri kamili, kwa kuwa unapokanyaga ovyo unavunja matumbawe na unaharibu matundu ambayo wao wanayajua moja moja, na baadhi yao wameyarithi kutoka kwa mama zao.

Pweza husafisha mlango wa tundu lake na kuurundikia vijiwe na magamba ya kome aliokwisha kuwala. Mimi nilikuwa napita juu ya alama hizo bila kuona chochote. Bibi alisimama, akaingiza chuma chembamba taratibu, akangoja kikamatwe, kisha akavuta kwa mkono mmoja huku wa pili ukishuka kumgeuza kichwa. Baadaye anapigwa juu ya jiwe mpaka alainike. Wakubwa walipimwa pale ufuoni na kununuliwa na mchuuzi, wadogo wakaenda nyumbani kwa mboga. Nilimwuliza bibi kuhusu miamba inayofungwa kwa muda ili pweza wakue, jambo linalofanyika katika vijiji mbalimbali vya mwambao huu. Alinieleza kwa subira kwamba pweza hakai duniani muda mrefu na hukua upesi, kwa hiyo aliyeachwa leo akiwa mdogo hurudi akiwa na uzito wa kumlipa mtu ada ya shule ya mtoto. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake, kisha hufa. Ukimvua kabla hajataga umemvua yeye na kizazi chake. Sikuwahi kupata maelezo ya wazi namna hiyo kutoka kwa mwongoza watalii yeyote.

Siku za maji mafu, mwamba hauachwi wazi kiasi cha kutosha, na kina mama hurudi mashambani au kwenye kusuka ukili wa mikeka. Ndiyo maana nasema tazama mwezi kabla ya kukata tiketi. Fika siku ya mwezi mwandamo au mpevu, au siku moja mbili baada yake, utayakuta haya. Fika kati ya hapo, utakuta kijiji kizuri lakini mwamba umefunikwa.

Pahali pengine pa kukaa kwa muda ni panapoundwa vyombo. Mafundi wa Chole wanaunda na kukarabati mashua chini ya vivuli vya miti, kwa tezo, msumeno na keekee, bila mchoro wa karatasi. Mataruma, ambayo ndiyo mbavu za chombo, hutafutwa katika matawi yaliyojipinda yenyewe porini, kwani mti uliokua na pindo lake ni imara kuliko uliokatwa kwa msumeno ukalazimishwa kupinda. Mianya ya mbao hukalafatiwa kwa pamba iliyopakwa mafuta. Fundi mkuu hakupenda kupigwa picha usoni na alilisema hilo kwa upole; alikubali nipige mikono yake na chombo. Wageni wengine niliowaona siku hiyo hawakuuliza, na uso wake ulionyesha wazi kuwa haikumpendeza.

Magofu yako karibu na gati. Kisiwa hiki kilikuwa mji mkuu wa Mafia katika karne ya 19, na Wajerumani nao waliweka hapa makao yao baada ya kuichukua Mafia mwaka 1890, kisha wakahamia Kilindoni mwaka 1913 kwa ajili ya kina cha maji. Kuta zilizobaki zimekumbatiwa na mizizi ya miti mikubwa. Popo wakubwa wa jamii ya wale wa Komoro hulala mchana juu ya miti ya hapo na jioni huruka kuvuka maji kwenda kutafuta matunda. Wenyeji wanawalinda, nawe usipige makofi wala kurusha kitu ili waruke.

Nyumba ya wageni niliyolala ni ya familia, na nilihudumiwa vizuri kuliko hoteli nyingi za bei ya juu. Chandarua kilikuwa kizima, shuka safi, na chakula kilipikwa kwa kilichovuliwa siku ile: pweza wa nazi, changu wa kuchoma, wali na mchicha. Kasoro niliyoiona ni maji ya kuoga, ambayo yana chumvi na hayatoi povu la sabuni. Mhudumu aliniletea ndoo ya maji ya mvua bila kuombwa, lakini ningependa mgeni aelezwe mapema. Jambo lililonikera zaidi lilitokea kabla sijavuka. Wakala mmoja alinitoza bei iliyojumuisha, kwa maneno yake, malipo ya mwenyeji wa kijijini, na kumbe mwenyeji huyo hakuwa amelipwa chochote. Wakala huyo huyo aliniuzia pia safari ya magofu ya Kua katika kisiwa jirani cha Juani, mji ulioharibiwa na Wasakalava kutoka Madagaska katika karne ya 19, akaipanga saa ambayo maji yamepwa, ilhali mashua hupenya mikoko ya kule maji yakiwa yamejaa. Nahodha wa Chole alikataa kuondoka, akanisogezea safari hadi alasiri, na tulifika bila taabu. Tangu hapo kila mpango niliufanya na watu wa kijiji wenyewe, na nililipa mkononi mwa aliyefanya kazi.

Chole ni kijiji cha Waislamu, na heshima ya mavazi inatarajiwa kwa wanaume na wanawake. Siku ya Ijumaa usitegemee mashua mpaka swala iishe. Anayetaka mchanga mweupe wa kulala juani kutwa hataupata hapa, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukingo wa kisiwa ni mikoko na mawe. Mwenye haja hiyo achague kwingine, na kijiji kitabaki na nafasi kwa wanaokihitaji.

Wakati mzuri ni kati ya Oktoba na Februari, ambapo bahari imetulia zaidi, na papa potwe huonekana upande wa Kilindoni, hivyo unaweza kuunganisha safari mbili kwa nauli moja. Benki ziko Kilindoni, si Chole, na noti kubwa zinawasumbua kina mama kutafuta chenji. Vunja fedha zako kabla ya kupanda bajaji ya Utende.