Sanduku la majaribio ya sumaku: vifaa vizuri, kijitabu kirekebishwe

Nilinunua sanduku hili kwa shilingi 35,000 katika duka la vifaa vya shule mjini Mtwara, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa fizikia wa kidato cha sita. Sumaku nne ndefu za feriti zina nguvu ya kuridhisha na sindano ya dira haikwami. Chenga za chuma, hata hivyo, zimefungwa katika karatasi, na kwa hewa ya chumvi ya huku Shangani zilishika kutu mapema. Zihamishieni kwenye chupa yenye kifuniko siku hiyohiyo.

Kasoro kubwa iko kwenye kijitabu. Ukurasa wa tatu unaeleza kwamba ncha ya kaskazini imebeba chaji ya sumaku ya aina yake na ncha ya kusini ya aina nyingine, kana kwamba zinaweza kutenganishwa kama chaji chanya na hasi za umeme. Sumaku moja ilipoanguka sakafuni ikakatika katikati, tulipata jibu. Ncha ya kaskazini ya kipande kimoja iliendelea kuifukuza ncha nyekundu ya dira, lakini uso mpya wa mvunjiko, ambao muda mfupi kabla ulikuwa tumbo la sumaku, uliivuta. Tulikuwa na sumaku mbili kamili, kila moja na ncha zake mbili.

Sipendekezi wazo la chaji ya sumaku lifutwe, kwa sababu lina uzito wake. Linapaswa kuitwa dhana. Katika milinganyo ya Maxwell, ile minne inayoeleza umeme na sumaku, umeme una chaji na sumaku haina, na kama ingekuwa nayo, milinganyo miwili kati ya minne ingeongezewa chaji na mkondo wa sumaku, na mkondo huo ungezungukwa na uga wa umeme. Mwaka 1931 mwanafizikia Paul Dirac alionyesha kwamba chaji moja tu ya namna hiyo ingetosha kueleza kwa nini chaji ya umeme huja kwa mafungu kamili ya kipimo kimoja. Mwaka 1982 Blas Cabrera wa Stanford, Marekani, alinasa ishara moja iliyofanana na ya chaji ya sumaku, ambayo haikujirudia. Wahandisi wa antena nao hutumia mkondo wa sumaku kukokotoa mawimbi yanayotoka kwenye mwanya wa bati, wakijua kwamba hakuna sumaku inayotiririka pale.

Nimebandika maelezo haya juu ya ukurasa wa tatu, na sanduku la pili nimeshaagiza.