"Mwachie shemeji," aliniambia, na siga yenyewe imeziba

Hasira yangu si ya leo. Ni ya wiki kadhaa nyuma, nimeilea mpaka imeota meno, kwa hiyo anayetaka maoni ya mtu mtulivu atafute pengine.

Ni siga ya Nikaragua, robusto, yaani fupi na nene, daraja la juu, kumi kwenye kisanduku. Urefu na unene vimeandikwa kwenye boksi, kasome. Chapa siitaji, na muuzaji ndiyo kabisa simtaji, maana naweza kusahau adabu. (Nasema siga. Mnaoiita biri, tuko pamoja.)

Nilikata kofia yake, ile ncha ya mdomoni, taratibu, milimita mbili hivi, nikaivuta kavu kabla ya kuwasha. Mvuto huo wa kavu ndio salamu ya kwanza. Siga iliyosokotwa vizuri inakupa hewa, lakini haikupi bure, inakubania kidogo, na ulimini unapata fununu ya kinachokuja: mbao, kakao, wakati mwingine harufu ya nyasi kavu. Hii yangu ilikuwa kama kunyonya kalamu iliyoziba wino. Nikakata tena kidogo nikidhani kosa ni langu. Wapi! Mashavu yaliingia ndani mpaka nilipojiona kwenye kioo cha dirisha nikacheka mwenyewe.

Nikawasha hivyo hivyo. Nikapasha mguu wake, ncha ya kuwashia, polepole huku naizungusha, nikavuta, ukaja moshi uzi mmoja. Ilizimika mara nne kabla ya kumaliza theluthi ya kwanza. Sasa balaa la siga iliyoziba ni hili: ukikosa moshi unavuta kwa nguvu, ukivuta kwa nguvu kaa linachemka, likichemka ladha yote inaungua na kubaki uchungu mtupu. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha, kila mtu anajua. Mimi nilikuwa navuta kama nafukuzwa. Ulimi uliwaka hadi kesho yake, chai sikuisikia ladha.

Nikaizima, nikaifunga kwenye karatasi, nikairudisha dukani kwa muuzaji.

Jamaa akaipokea kwa vidole viwili, akainusa, akaniangalia, akatabasamu lile tabasamu la mtu anayemwonea huruma mtoto. "Dada'angu, hizi hazitaki pupa. Hizi mwachie shemeji. Kwani shemeji yuko wapi, aje mwenyewe nimwelekeze?"

Mteja mmoja pale kaunta akacheka.

Jamani. Kwanza, huyo shemeji anayetajwa akinusa moshi wa siga anapiga chafya mpaka anahamia chumba kingine. Pili, na hili ndilo linalonichoma mpaka naandika, ni mtu huyu huyu aliyeniuzia kisanduku kwa kunisimulia kwamba siga bora husokotwa mapajani mwa wasichana. Alisema hivyo huku macho yanang'aa. Ni uongo wa miaka mingi. Msokotaji anakaa mezani, ana ubao wake na kisu bapa kinachoitwa chaveta, na mapaja yake hayahusiki kabisa. Ila wanawake wamo kweli, wengi, kwenye kusokota, kuchagua majani na kuyatoa mshipa. Kile kiwanda cha El Laguito cha Havana, kinachojulikana kwa Cohiba, kilianza na wasokotaji wanawake. Yaani mwanamke aisokote, asifiwe mapaja, halafu akija kuivuta aambiwe amwite mumewe!

Sikumjibu. Nilichoka tu. Niliomba siga yangu nikaondoka nayo, kitu ambacho nadhani hakukitegemea.

Nyumbani nikachukua wembe, nikaipasua kwa urefu kama samaki. Jani la nje lilikuwa zuri, sina neno, lina mafuta, halina doa. Chini yake jani la kufungia, nalo sawa. Tatizo liko tumboni. Katikati, pale linapowekwa ligero, lile jani la juu ya mche lenye nguvu na linaloungua polepole, majani yalikuwa yamepindwa pamoja kama kamba iliyosokotwa kwa hasira. Kwenye siga nzuri majani ya ndani hukunjwa yakiachiana vijia vya hewa kutoka mguuni hadi kichwani. Hapa vijia vilifika katikati vikagonga fundo. Na kwenye fundo, mshipa wa jani, mgumu, mnene kama kijiti cha kiberiti, ambao ulipaswa kutolewa kabla jani halijafika mezani kwa msokotaji. Niliuvunja kwa kucha, ukalia "tap".

Pupa yangu hiyo, eh?

Kinachoudhi ni kwamba hili linazuilika. Viwanda vingi vinavyojiheshimu vina mashine ndogo ya kunyonya hewa inayopima siga kabla haijavishwa jani la nje. Iliyoziba inarudi mezani, inafumuliwa. Hii ilipitaje? Kwa daraja hili? Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota moja na kulala.

Basi nikawasha ya pili siku nyingine. Imebana, si kama ya kwanza, lakini imebana, na iliungua upande mmoja tu kama mtumbwi. Hapo nikakumbuka kitu. Kwenye kabati la yule jamaa kuna kipima unyevu cha mshale, na mshale ulikuwa kwenye asilimia 70. Alifungua mlango wa kabati, akauacha wazi muda wote anasimulia habari za mapaja, akafunga, mshale haujatikisika. 70 ile ile, kama saa ya ukutani iliyoisha betri. Yaani unyevu halisi wa mle ndani hata yeye haujui. Tumbaku iliyolowa huvimba, na ikivimba hata vijia vilivyokuwepo vinajifunga.

Cha kwangu nilikijaribu kwa chumvi kabla ya kukiamini: chumvi kwenye kizibo cha chupa, matone machache ya maji iwe kama uji mzito, unafungia pamoja na kipima kwenye mfuko usiopitisha hewa, unaacha hadi kesho. Kikisoma 75 kiko sawa. Kilisoma 74, nikakisamehe. Siga nane zilizobaki nikaziweka kwenye sanduku langu kwenye 65, nikazisahau kama wiki tatu. Sikuzisahau kweli, nilikuwa nazichungulia kila jioni.

Ya tatu. Sijui niiseme vipi bila kuonekana kigeugeu.

Mvuto wa kavu ukapita, hewa ikaja na kakao. Mwanzo pilipili manga, si ulimini, puani. Moshi wa siga haushushwi kifuani, unaushika mdomoni na kuachia kidogo tu kupitia puani, na huko ndiko ladha nyingi hukaa. Pilipili ikatulia. Ikaja njugu iliyokaangwa, halafu mwerezi, halafu kitu kama ngozi ya kiatu kipya ukifungua boksi. Duara la moto likaenda sawasawa bila kusaidiwa. Majivu yalisimama karibu sentimita tatu, meupe yenye kijivu, nikawa natembea nayo kama nimebeba yai. Theluthi ya mwisho ikawa nzito, tamu kwa mbali, na niliishika mpaka vidole vikaanza kulalamika. Karibu saa nzima sikukumbuka kama nina ugomvi na mtu.

Ndipo nikajiuliza kama nimewaonea waliotengeneza. Pengine siga ni nzuri na kabati la jamaa ndilo bovu. Lakini mshipa ule haukuwekwa na unyevu, uliwekwa na mkono. Na pengine jamaa alikuwa sahihi kwamba sikuipa muda? Hapana. Hakusema "ipumzishe wiki tatu", neno ambalo lingeniondolea kero yote na ningemshukuru. Alisema shemeji.

Ya nne ilikuwa nzuri pia, pilipili kidogo zaidi. Kwa hiyo niliandika nyota nne kwa siga na sifuri kwa aliyeniuzia, nikawa nasubiri tu nitulie ndipo nitume. Leo jioni nikaona nisherehekee, nikakata ya tano, nikaivuta kavu.

Imeziba. Nyota tatu. Wembe uko wapi?